Picha Iliyofunikwa Kanga

Habari njema ilimkuta Ummukulthum ndani ya gari, na usukani uko mikononi mwa mtu mwingine. Mtu huyo alikuwa Teresia, nesi wa Kikenya anayekaa Thamesmead, mwanamke asiyeogopa damu wala maiti, lakini akiona kipilefti husahau hata gia ziko wapi. Walikuwa kwenye foleni, Teresia anahema na kusubiri mwanya, na Ummukulthum pembeni anamtuliza kama anavyowatuliza wanafunzi wake wote: taratibu, kioo, ishara, haya, sasa. Simu ikatoa mlio. Ummukulthum akaichungulia kwa jicho moja, kisha akapiga kigelegele.

Sasa fikirieni kigelegele cha Kipemba ndani ya gari dogo lililofungwa vioo. Teresia aliachia klachi, gari likaruka, likazimika katikati ya njia, na huko nyuma honi zikaanza.

"Mwalimu, nimegonga nani?"

"Hujagonga mtu. Washa gari. Picha yangu imepita, Teresia. Yale maonyesho ya Stratford. Wameifanya ndiyo picha kubwa, itakaa kwenye bango."

"Ile ya mzee na mkate?"

"Hiyo hiyo. Washa basi, watatutukana hawa."

Teresia aliwasha, akaingia kipilefti bila hata kuangalia, na Mungu akawasitiri.

Ummukulthum huyu, mniwie radhi nimseme kidogo, anafundisha udereva Woolwich tangu zamani, na kila mtu anamjua kwa gari lake jeupe lenye kibao cha L juu ya paa na kwa mdomo wake usio na breki. Lakini saa ambazo hana mwanafunzi hushuka akatembea. Kifuani, juu ya mtandio, huning'inia kamera ndogo nyeusi ambayo haiinui hata siku moja kwenda jichoni. Lenzi ameshaitegesha kwa mtu aliye hatua chache mbele yake, basi hubonyeza tu kwa kidole gumba huku macho yake yako pengine, kama anayetafuta basi. Jamaa zake humwuliza kwa nini hapigi picha za harusi, angalau apate jina. Huwajibu kwamba harusini watu wanajua wanapigwa, kwa hiyo wote wanakuwa na sura moja. Anachokitaka yeye ni mtu pale anapojisahau.

Ila ana miiko yake. Hampigi aliyelala njiani, hampigi anayelia, na hampigi mwenye njaa. Hao, husema, wameshanyang'anywa mengi, nisiwachukulie na sura. Ukumbukeni huo mwiko wa njaa, maana ndio uliozusha mambo.

Jioni ile ile bango likatumwa. Aliyelifungua kwenye kompyuta, pale mezani, ni Sundus, binti yake, aliyezaliwa hapa hapa London, anayekielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Mama mtu akasogea na kikombe cha chai. Picha ilikuwa nzuri, hakuna asiyeona. Powis Street, mchana wa Ijumaa, mvua imekatika sasa hivi na njia inang'aa. Miguu ya watu inapita huku na huku. Katikati mzee wa kofia bapa ameinama, mkono mmoja kwenye mkongojo, mkono wa pili umekwisha kulifikia pande la mkate lililoanguka chini. Na juu ya picha hiyo, kwa herufi kubwa nyekundu, neno moja la Kiingereza lenye maana ya Njaa.

Ummukulthum aliweka kikombe chini.

"Nani kasema njaa?"

"Mum, it's a title. It's strong."

"Strong kitu gani. Mimi sikuandika jina. Picha zangu hazina majina. Nani kasema huyu ana njaa?"

Sundus aliinua mabega. Mtu ambaye hakuwepo siku ile, akiitazama picha, angesema hivyo hivyo.

Lakini mama yake alikuwepo. Aliona yaliyotangulia na yaliyofuata. Aliwaona watu wakiliruka lile pande la mkate, na mmoja akalikanyaga ukingoni. Alimwona mzee akisimama ghafla kama aliyeitwa jina lake, akainama kwa shida, akaliokota, akalipuliza vumbi, akaligusisha mdomoni, kisha akalipandisha juu ya ukuta mfupi, mahali ambapo mguu wa mtu haufiki na ndege wanaweza kulipata. Halafu akajifuta mkono, akaenda zake. Wallahi Ummukulthum alipigwa na butwaa. Ule ulikuwa mkono wa bibi yake, Wete, Pemba. Bibi hakuwa mtu wa kupita juu ya mkate. Hata awe na ndoo kichwani angeitua, auokote, aubusu, auweke juu, na mjukuu aliyeutupa angejuta. Ummukulthum mwenyewe hufanya hivyo mpaka leo kwenye njia za London, na mwanawe humwonea aibu. Kwa furaha alimfuata yule mzee akamtolea salamu, "Assalamu alaikum," maana aliamini kabisa kwamba huyu ni Mwislamu, labda Mturuki. Mzee aligusa kofia, akatabasamu, akaitikia kitu chini chini, akapotea katika watu.

Asubuhi alimpigia simu Hemal, mwandalizi wa maonyesho. Hemal si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mpole, anazipenda picha kwa dhati, na ndiye aliyeichomoa picha ya Ummukulthum katika lundo zima akasema hii hapa. Kwa hiyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bi Ummu, hayo yote unayonieleza hayamo kwenye picha. Kwenye picha kuna mzee anaokota mkate chini."

"Anauokota kwa heshima."

"Umejuaje? Ulimwuliza?"

Hakumwuliza. Wapiga picha wa njiani hawaulizi, ndiyo kazi yenyewe.

"Mabango yameshachapwa," Hemal akasema. "Lakini mimi si mkaidi. Niletee neno la mzee mwenyewe kabla ya kufungua milango, nami nitaliondoa jina. Bila hilo, picha ibaki na jina lake, au uitoe."

Aitoe. Miaka yote ya kutembea na kukanyaga madimbwi, leo picha moja imemfungulia mlango, aitoe. Na asipoitoa, mzee wa watu abandikwe ukutani Stratford, kila apitaye amwone ombaomba, na yeye Ummukulthum awe amevunja mwiko wake hadharani. Alikata simu amekasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba Hemal alikuwa na haki ya kuuliza.

Basi akafanya anavyojua. Mtu wa kupiga picha njiani anajua kwamba watu wana njia zao. Anayepita mahali Ijumaa hii, Ijumaa nyingine atapita. Aliahirisha masomo ya mchana, akaenda kusimama mbele ya ule ukuta mfupi. Sundus alifuatana naye, kwa sababu aliona mama yake asiachiwe peke yake kumvamia mzee wa watu. Na mzee akaja, kofia ile ile, mkongojo ule ule, anatoka maktaba, ambako kila Ijumaa hucheza chesi na wazee wenzake.

"Assalamu alaikum," Ummukulthum akaanza tena.

"Nakukumbuka," mzee akasema. "Ulinisalimia hivyo siku ile ya mvua, nami nikakujibu kwa salamu yetu, shalom aleikhem. Hazipishani sana. Mimi ni Myahudi, bibi. Naitwa Cyril."

Ummukulthum alicheka mpaka akashika ukuta. Akamweleza yote: mkate, bibi yake, Wete, kamera. Papo hapo akaanza kumwita Mzee Cyril, hilo "mzee" akilipachika katikati ya Kiingereza chake, na mwenyewe akalipenda. Mzee Cyril naye akamweleza kwamba baba yake alikuwa mwokaji Whitechapel, na kwamba kwao mkate ukianguka hupiti ukajifanya hukuuona. Alipoonyeshwa picha aliitazama kwa muda mrefu. Akasema mgongo wake umepinda kuliko alivyodhani. Kisha Sundus, kwa nia njema, akafungua simu yake na kumwonyesha bango.

Uso wa mzee ukabadilika. Alilisoma lile neno, akalisoma tena.

"Binti yangu ataliona hili," akasema. "Na watu wa sinagogi. Watasema Cyril anaokota vya chini anakula, na sisi hatukujua."

"Ndiyo maana nimekuja, Mzee Cyril. Sema neno moja tu kwa Hemal, kwamba hukuwa na njaa."

"Nisimame mbele ya watu niseme sina njaa?" Alitikisa kichwa. "Bibi, mtu anayelazimika kusema hivyo, nani atamwamini?"

Mzee alirudisha simu, akavaa glavu zake polepole. Hakugombana. Alisema tu kwamba siku zinazokuja wana sikukuu, lakini Alhamisi alasiri atakuwa nyumbani, hapo hapo Woolwich, na kama bibi anapenda aje anywe chai na amletee ile picha, isiyokuwa na maandishi.

Sasa niambieni nyinyi. Mpemba aambiwe njoo kwangu unywe chai, tena katika siku za sikukuu, aende mikono mitupu? Na kwa mtu anayeuthamini mkate namna hii, ampelekee nini kingine? Alhamisi Ummukulthum alikanda unga kwa tui la nazi na hamira, akauacha ukaumuka mpaka ukafura, akapika mkate wa ufuta wa kujaa sinia, akaugeuzia uso motoni mpaka ufuta ukaiva rangi. Akaufunga kwenye kitambaa safi ungali moto. Teresia ndiye aliyemwendesha, maana alikuwa na somo saa hiyo, na kwa harufu iliyojaa garini alikosea gia kila kona. Aliomba aonje, akakatazwa kama mtoto.

Mzee Cyril alifungua mlango, akatabasamu, akavuta pumzi, na tabasamu likakatika. Akainua mkono.

"Usiingie nao," akasema.

"Nisiingie na nini?"

"Mkate. Tafadhali. Usiuvushe hapo kizingitini."

Jamani. Mnaujua uzito wa neno hilo. Umekanda, umepika, umeubeba ungali moto, umefika kwa mwenyeji aliyekualika kwa kinywa chake, anakwambia rudisha. Kwao Ummukulthum watu wamenuniana maisha kwa jambo dogo kuliko hilo. Damu ilimpanda, mdomo ulikwisha funguka, na maneno yaliyokuwa yakija hayakuwa mazuri.

"Ni Pasaka yetu," mzee akasema haraka. "Siku nane, hakuna kitu chenye hamira kinachoingia nyumba hii. Kabla ya sikukuu kuingia nimepita na mshumaa na unyoya nikitafuta makombo chini ya makabati, kwa magoti haya. Kila chembe nimeichoma. Na wewe unaniletea mkate wenye harufu nzuri kuliko yote niliyoinusa tangu baba yangu alipofariki. Unanitesa, Bi Ummu."

Walitazamana. Kisha Ummukulthum akajiinamia kwa kicheko na aibu pamoja. Yeye aliyetoka kufunga mwezi mzima wa Ramadhani juzi tu, leo ampelekee mtu mkate katikati ya mwiko wake. Aliurudisha garini, akamkabidhi Teresia bila maelezo, na chai ilipokwisha Teresia alikuwa ameshaula nusu.

Ndani, Mzee Cyril alimwekea chai na matza, mikate myembamba mikavu inayovunjika kwa kelele. Huu, alisema, ndio mkate wa watu waliotoka utumwani Misri mbio mbio, unga wao haukupata nafasi ya kuumuka, na kila mwaka wanaula wasisahau. Ummukulthum alitafuna akaona kweli, ile haraka bado imo. Akauliza, je, siku nyingine mnakula mkate gani? Mzee akachangamka. Alifungua droo akatoa kitambaa cha hariri kilichotariziwa na marehemu mkewe. Kila Ijumaa jioni, alisema, mikate miwili ya kusuka huwekwa mezani. Miwili ni kwa ajili ya mana, ile iliyoshuka jangwani maradufu siku ya Ijumaa ili Sabato watu wapumzike. Lakini kabla ya mkate, hubarikiwa divai. Na kwa kuwa mkate ndio mkubwa wa meza, na hapo unarukwa, hufunikwa kwa kitambaa hiki usije ukaona haya.

"Mkate unaona haya?"

"Mkate hauna macho, Bi Ummu. Baba yangu alisema ni sisi tunaofundishwa. Ukizoea kuusitiri mkate, hutamwaibisha mtu."

Ummukulthum alikishika kile kitambaa, akapitisha kidole kwenye nyuzi. Alijaribu mara moja tena. Ufunguzi ni Jumatano, alisema, na Pasaka itakuwa imekwisha. Mzee aje basi, hata asiseme mengi. Mzee Cyril alikataa kwa upole ule ule. Hatakwenda kujitetea mbele ya wageni. Afanye bibi analoona ni haki, yeye hatamlaumu.

Ndivyo alivyoondoka, na neno la Hemal hakulipata.

Siku zile zilikuwa mbaya. Sundus alisema aitoe tu picha, "just pull it, Mum," na hakusema kwa ubaya. Jumanne Ummukulthum alikubali. Alikaa kitandani na nguo alizokuwa akikunja, namba ya Hemal iko tayari kwenye simu, na alikuwa na uchungu, nakwambieni, uchungu wa mtu anayejifungia mlango kwa mkono wake. Katika zile nguo mkono wake ukaangukia kanga ya marehemu mama yake, nyeusi na nyekundu, iliyopauka kwa kufuliwa. Akaishika. Akaikunjua mapajani. Akakumbuka kile kitambaa cha hariri.

"Sundus," aliita. "Tuna pini humu ndani?"

Jumatano waliingia ukumbini kabla ya wageni. Picha ilikuwa kubwa kama dirisha, imepewa ukuta mzima peke yake, na chini yake kibandiko cheupe chenye lile neno. Mama na binti waliitupia kanga, wakaibana kwa pini pembe zote, ikafunika picha na kibandiko chake. Sundus alikuwa akinong'ona kwamba watafukuzwa, lakini pini alizipiga barabara.

Hemal akatokea, na suti yake mpya.

"Bi Ummu, hii nini?"

"Nimeifunika."

"Watu wako mlangoni."

"Wafungulie. Wewe ulisema ibaki na jina lake au niitoe. Imebaki. Na jina lake lipo, hilo hapo chini ya kanga."

Hemal angeweza kuivuta. Alinyoosha hata mkono. Lakini Ummukulthum alikuwa amesimama mbele ya kanga amekunja mikono kifuani, na mtu akimwona mwanamke wa namna ile amesimama vile hutafuta kazi nyingine ya kufanya. Hemal akaenda kufungua milango.

Na unadhani watu walikwenda kutazama picha gani? Zilikuwepo picha kuta nzima, nzuri, zina mwanga. Wote walimiminika kwenye ile isiyoonekana. Kwa nini imefunikwa, wakauliza, na Ummukulthum akawaambia. Aliwaambia juu ya bibi yake na ndoo yake. Aliwaambia juu ya mzee aliyesimama pale ambapo wengine wote walipita. Alipowaambia kwamba picha imeitwa Njaa, Hemal, aliyekuwa nyuma ya watu, alitazama viatu vyake. Mama mmoja mwenye miwani akauliza swali la haki.

"Lakini alikuwa na njaa, au hakuwa nayo?"

"Tumbo lake silijui," Ummukulthum akasema. "Mkono wake ninaujua."

Ndipo mlango ulipofunguka akaingia Mzee Cyril. Kofia bapa, suti ya sikukuu, na mikononi kapu kubwa lililofunikwa kitambaa cha hariri. Watu walimpisha bila kujua ni nani. Alikuja mpaka ukutani, akaiona kanga, akasimama.

"Umeifunika kwa nini?"

"Isione haya, Mzee Cyril."

Macho ya mzee yalijaa machozi, na hakuyaficha. Aligusa pindo la kanga kwa vidole viwili. Halafu akakohoa, akageuka.

"Nilikwambia siji kujitetea," akasema. "Na sikuja kujitetea. Nipeni meza, na maji ya kunawa."

Meza ilisogezwa hapo chini ya picha. Sundus alikimbia jikoni, akarudi na jagi na bakuli, akammiminia mikononi bila kufundishwa, kama alivyomwona mama yake akiwamiminia wageni tangu utotoni mwake. Mzee alisema dua fupi, akafuta mikono, akanyamaza. Hemal alisogea akamkaribisha kwa maneno mazuri, na mzee hakumjibu; aliinua kidole tu. Hemal akarudi nyuma amefadhaika, ukumbi wote ukadhani mzee amekasirika. Kumbe kwao mtu akishanawa hasemi neno mpaka mkate uguse ulimi. Mzee Cyril alisugua vidole juu ya meza, akasugua tena, mpaka Sundus akaelewa: chumvi. Ilipatikana pakiti moja ya chumvi ya chipsi mfukoni mwa mgeni.

Alikiondoa kile kitambaa. Mikate miwili ya kusuka, minene, inang'aa kwa yai, bado ina harufu ya jiko la nyumbani kwake. Akaweka mikono juu yake, akasoma baraka kwa Kiebrania, sauti yake nzima bila kutetemeka. Akamega, akachovya chumvi, akala, akafumba macho. Alitafuna kwa raha mpaka watu wakameza mate.

"Siku nane sijauonja," akasema alipofumbua macho. "Nimeamka alfajiri kuuoka. Mabibi na mabwana, leo ndiyo nina njaa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akaanza kumega. Alimmegea Ummukulthum kwanza, kisha Sundus, kisha mama wa miwani, kisha kila mkono ulionyooshwa, na mikono ilikuwa mingi. Alikuwa na haraka ya mtu aliyelelewa dukani, anamega, anachovya, anatoa, anauliza nani bado. Yule aliyeandikwa njaa ukutani ndiye aliyelisha ukumbi mzima, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ummukulthum alimeza tonge lake, akaenda kwenye kanga, akachomoa pini moja moja. Kanga ikamwangukia mikononi. Watu wakatazama ule mkono kwenye picha, ulionyooka kuelekea mkate, kisha wakatazama mkono uliokuwa ukiwamegea, na walikuwa na mkate ule mdomoni. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na Ummukulthum, mwanamke asiyekosa la kusema tangu azaliwe, alisimama na kanga ya mama yake kifuani, anafurahi tu.

Hemal alikuja mbele, pande la mkate mkononi. Hakusubiri kuambiwa. Alikichimba kile kibandiko kwa ukucha mpaka kikatoka ukutani, kikabaki kimekunjamana kiganjani.

"Na mabango," akasema, "kesho nitayapitia mwenyewe na karatasi nyeupe. Lakini Bi Ummu, nilikuomba uniletee neno lake."

"Neno lake unalitafuna," Ummukulthum akamjibu.

Sijui ni kicheko au ni haya. Mkono wa Hemal uliteleza, na lile pande lake la mkate likaanguka sakafuni, katikati ya viatu vya watu.

Hemal alilitazama. Akamtazama Mzee Cyril. Kisha akainama, na suti yake mpya, goti moja chini, akaliokota. Akalipuliza. Alisita, halafu akaligusisha mdomoni haraka kama anayeogopa kuonekana, akainuka, akaanza kutafuta mahali pa kuliweka, juu, juu zaidi, mpaka akalifikisha juu ya ukingo wa fremu ya picha yenyewe.

Kidole gumba cha Ummukulthum kilikuwa kimeshabonyeza. Kamera iko kifuani, nusu chini ya kanga, na macho yake yako kwenye dari kama anayehesabu taa.

"Hii nayo, Hemal," akamwuliza, "tuiite Njaa?"

Hemal alifunika uso kwa mikono na kucheka, Mzee Cyril akashika meza asianguke, na katikati ya vicheko kikasikika kigelegele kirefu, chembamba, cha Kipemba hasa. Ummukulthum aligeuka kumtafuta aliyekipiga. Alikuwa Sundus.